Usipitishe haro kwenye gugu karoti lililokwisha kutoa maua

Ndugu uliyeuliza kuhusu kiwanja cha Kisongo kilichosawazishwa kwa tingatinga, ambacho sasa kimejaa majani usiyoyajua yenye maua madogo meupe, na unayetaka kujua ni mmea gani, sumu ipi inaufaa, na kama haro (chombo cha trekta cha kuvunjavunja udongo) ya Jumamosi itatosha kabla ya kupanda nyasi za malisho: mpigie simu mwenye trekta leo hii, umwambie asije.

Majani yaliyochanika kama ya karoti, juu ya shina lenye mifereji na vinyweleo, ni gugu karoti. Lilitoka Amerika ya kitropiki, likaripotiwa hapa Arusha mwaka 2010, na hustawi hasa kwenye ardhi iliyovurugwa, kwa kuwa hapo halikuti nyasi za kushindana nalo.

Mimi nilikuwa na ekari 2 za namna hiyo, na maua yalikuwa yamekwisha kutoka. Muuza pembejeo niliyemwamini aliniambia nililime na kulifukia, kwamba litaoza na kuwa mbolea. Nililipa trekta, nikalipa haro, na siku hiyohiyo trekta ileile ikaenda na tope lake kwenye shamba langu la mahindi kule Usa River, ambako gugu hilo halikuwapo kabisa. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, na zilizofukiwa hukaa hai ardhini kwa miaka, zikingoja udongo ugeuzwe tena. Mvua za vuli zilipofika, mashamba yote mawili yaliota kama yaliyopandwa. Nikaajiri vibarua wafyeke. Mashina yakachipua upya na kutoa maua yakiwa mafupi zaidi, na kijana mmoja akavimba mikono na shingo kwa upele uliomkosesha kazi wiki nzima. Yule aliyenishauri hakuwa amewahi kuling'oa gugu hili hata mara moja, lakini alizungumza kwa uhakika wa mtu aliyelizika shambani kwake, na hadi leo nina hasira naye, kwa sababu gharama ya palizi ya misimu mitatu niliilipa mimi.

Ling'oe kabla halijatoa ua. Likiwa changa hulala chini kama sahani, na baada ya mvua, udongo ukiwa laini, hutoka na mzizi wake wote. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, kisha rudi kila baada ya wiki mbili, maana tangu kuota hadi kutoa ua linaweza kuchukua wiki nne tu. Yale yaliyokwisha kuchanua yang'oe bila kuyakung'uta, uyatie kwenye viroba papo hapo, uyakaushe humohumo na kuyachoma bila kuyatoa kiwanjani. Nyasi za malisho zipande upesi pale ulipong'oa, usiache udongo wazi.

Kwa hiyo Jumamosi tafuta watu wanne na viroba vya kutosha. Siku utakapohitaji trekta kweli, simamia mwenyewe magurudumu na haro vioshwe kabla ya kuingia na kabla ya kutoka, na umuulize aliyekuletea moramu, yaani udongo wa changarawe, ya njia ya kuingilia aliichimba wapi, kwa kuwa maelezo yako yanaonyesha kwamba majani hayo yalianzia hapo.