Re: Rangi ya banda la mbao inabanduka, nipake juu yake?

Kaka, usipake juu yake. Rangi mpya inashika ile ya zamani, na ya zamani ikiachia mbao, rangi zote mbili zinatoka pamoja. Kwa banda la Luchelele, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria hivyo, kwanza tafuta maji yanapoingilia. Angalia chini ya ganda lililobanduka: ukikuta mbao tupu yenye weusi, unyevu unatokea ndani au chini. Rekebisha bati linalovuja, na ubao wa chini usigusane na udongo.

Halafu kwangua kila kinachonyanyuka, ila iliyoshika vizuri iache. Piga msasa namba 80 kwenye kingo mpaka ukipitisha kidole usihisi ngazi, malizia na 120. Kama rangi ni ya miaka mingi inaweza kuwa na risasi (madini yenye sumu), kwa hiyo lowesha msasa, vaa barakoa na watoto wakae mbali kabisa. Osha, acha ikauke siku kadhaa.

Mbao tupu lazima ipate praima ya mafuta (rangi ya kwanza ya msingi), hasa vichwa vya mbao pale zilipokatwa, maana ndipo zinaponyonya maji sana. Mafundi wengi wanaparuka hapo! Ziba matundu kwa puti baada ya praima, kisha mikono (tabaka) miwili ya rangi ya nje.

Subiri Juni hadi Agosti, kiangazi. Paka upande wenye kivuli, na acha kabla ya jioni, wadudu wa ziwani wasije wakanasa kwenye rangi mbichi.