Mahudhurio si ridhaa

Wiki hii wahariri mmeuliza: “Je, mpangaji wa nyumba ya umma ana haki ya kushiriki maamuzi kuhusu nyumba hiyo, au kazi yake ni kulipa kodi tu?” Mimi nimezaliwa kota. Niliolewa nikaondoka, nikarudi kumuuguza mama, na mpaka leo naishi humo. Jibu langu ni kwamba haki hiyo anayo, na ianze kabla mchoro haujachorwa. Akiitwa baada ya hapo, huwa ameitwa kusikiliza.

Nieleze yaliyotupata sisi. Shirika lenye nyumba zetu, ambalo sitalitaja, liliamua kukarabati uwanja wetu wa katikati, ule tunaoanikia nguo na watoto wanaochezea. Tukaitwa kikaoni Jumamosi asubuhi, chini ya mwembe. Mhandisi akaja na mchoro umekunjwa, akaufungua juu ya boneti ya gari, akatuonyesha kwa kalamu: hapa vitofali vya saruji, hapa maegesho, hapa maua. Huku nyuma karatasi ya mahudhurio inazunguka: jina, namba ya nyumba, simu, sahihi. Tukapewa maji ya chupa. Maswali matatu yakajibiwa, la nne tukaambiwa muda umekwisha.

Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, hakuuliza swali. Alinyanyuka, akaenda taratibu mpaka kwenye kamba ya kuanikia, akagonga chini kwa mkongojo wake. “Mwanangu, hapa chini kuna chemba. Ukiifukia hii, masika maji ya chooni yatarudi ndani.” Mhandisi akatazama mchoro wake, chemba hakuiona. Akasema, kwa adabu kabisa, “Mama, mchoro hauonyeshi chemba hapo,” akaendelea na maua yake.

Vitofali vilitandazwa, vikapendeza kweli. Masika yakaja. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza, nyumba nne za chini zilianza kutapika maji kupitia tundu la bafuni. Tuliyachota kwa madumu yaliyokatwa na sahani za bati mpaka alfajiri, magodoro juu ya meza, watoto wamepelekwa kulala kwa jirani ghorofani. Harufu ile ilikaa kwenye makabati wiki nzima.

Tulipopeleka malalamiko ofisini, tukafunguliwa faili. Karatasi yetu ya mahudhurio ilikuwemo, imebanwa nyuma ya barua inayosema wapangaji walishirikishwa na wakaridhia. Sahihi yangu ilikuwa ya kumi na moja. Nilisaini kwamba nimefika, na hakuna mstari kwenye karatasi ile uliosema nimekubali. Chini yangu kulikuwa na alama ya dole gumba la yule bibi, mtu pekee aliyekataa mbele ya kila mtu. Nilishikwa na uchungu ambao siwezi kuuandika hapa.

Najua hoja ya upande wa pili, na watu ninaowaheshimu wanaiamini: mwenye mali ndiye mwenye kuamua. Kwa nyumba ya mtu binafsi nakubali kwa sehemu kubwa. Lakini nyumba ya umma mwenyewe ni nani? Meneja amepewa aitunze, nami nimepewa niishi ndani yake, sote tumeshika mali ya watu wengine. Yeye atahamishwa, atakuja mwingine na ramani ileile yenye mapengo. Anayejua bomba gani huvuja wakati umeme ukirudi, ngazi gani huteleza, ukuta gani hunyonya maji, ni anayelala humo. Ujuzi huo haununuliwi kwa mshauri yeyote, na sisi tuko tayari kuutoa bure.

Wakati mwingine kuupuuza hugharimu kuliko magodoro. London, Juni 14, 2017, jengo la wapangaji wa manispaa liitwalo Grenfell Tower liliungua, wakafa watu 72. Baadhi ya wakazi walikuwa wameonya kwa maandishi miaka kabla kuhusu hatari ya moto mle ndani. Uingereza ikaja kutunga sheria mpya ya usimamizi wa nyumba za aina hiyo mwaka 2023, wenzao wameshazikwa.

Hapa kwetu Tanzania kila mpangaji wa kota anaijua habari ya Magomeni, Dar es Salaam. Familia 644 ziliondolewa kwenye kota za zamani ili eneo liendelezwe, nyumba zikabomolewa, halafu kiwanja kikakaa kitupu miaka. Watu walitawanyika mjini, wengine kwa ndugu, wengine wakapanga vyumba mbali na shule za watoto wao. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika pale, akaagiza zijengwe nyumba mpya na wakazi wale wale warudi, wakae miaka mitano bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo, yaani TBA, wakajenga maghorofa, na Machi 2022 Rais Samia akayazindua.

Mimi katika habari ile naitazama zaidi namba. 644 haikupotea. Miaka yote ya kutangatanga watu wale walibaki kundi moja lenye kamati, lenye kujua nani ni nani na alitoka nyumba gani. Siku mkubwa alipofika, walikuwepo wa kuhesabiwa. Sisi wa kota nyingine tunawashangilia, lakini pia tunajiuliza: wangapi wetu leo tukiondolewa tutaweza kuonyesha orodha yetu? Na haifai haki ya mpangaji isubiri mpaka Rais apite mtaani kwake.

Kwenye sheria ndipo pananiuma zaidi. Tulikuwa na sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza ya kwenda kulalamikia. Ikafutwa mwaka 2005. Kisha mwaka 2008 ikatungwa sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, na hiyo ni sheria nzuri: walionunua nyumba katika ghorofa moja wana chama chao, wanaamua pamoja kuhusu ngazi, paa, na uwanja. Sasa pima. Aliyenunua jana ana kura juu ya ngazi. Aliyelipa kodi miaka thelathini na kuifagia ngazi hiyo kila asubuhi, hana. Jirani zetu Wakenya angalau wameuandika ushirikishwaji wa wananchi katika katiba yao ya 2010, ibara ya 10, na haki ya makazi katika ibara ya 43. Wanaweza kuishika karatasi hiyo wakaenda nayo mahakamani. Wapangaji wa Muthurwa, Nairobi, walipoanza kubomolewa nyumba mwaka 2010 walikwenda, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilivunjwa.

Ninachotaka si kikubwa. Mchoro ubandikwe kwenye ubao wa kota mwezi mzima kabla ya kikao, ili hata anayefanya kazi za usiku aupitie. Karatasi ya mahudhurio iandikwe juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba kusaini ni kuthibitisha kufika tu. Mhtasari usomwe palepale, ubishiwe palepale, na nakala ibaki kwetu. Na zabuni isitangazwe kabla wapangaji hawajatembea na mhandisi uwanjani kwa miguu, hatua kwa hatua, yeye na mchoro wake, sisi na kumbukumbu zetu.

Nasi tujisahihishe. Katika kota yetu kuna waliokwisha kujenga kwao, wanaishi huko, na nyumba ya umma wamempangisha mtu mwingine kwa bei ya juu. Hao ndio huwahi vikao na kusema “ndiyo” kwa kila kitu, maana hawataki orodha ikaguliwe. Sauti ninayoidai ni ya yule ambaye maji yakiingia, yanaingia kwenye kitanda chake. Nimewaambia wenzangu hivyo usoni, baadhi hatusalimiani tangu siku ile, na bado nasema.

Vile vitofali juu ya chemba vilikuja kung’olewa, mafundi wawili, siku mbili. Mfuniko ulikuwa pale pale mkongojo ulipogonga. Bibi hakuwepo kuuona, alikuwa amefariki Ramadhani iliyotangulia.

Mwezi uliopita tulichangishana tukanunua kaunta buku. Linakaa nyumba namba 14, kwa mwalimu mstaafu, kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Ukurasa wa kwanza tumeandika nyumba zote na wanaolala ndani. Ukurasa wa pili mjukuu wa yule bibi ametuchorea uwanja, na chemba zote saba, kila moja na hatua zake kutoka kwenye mwembe.