Jibu: Programu ya Android kushindwa kuifikia seva iliyo kwenye kompyuta
Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ikiwa kwenye emuleta ya Android (simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta) inakataliwa kila inapoita 127.0.0.1:8000, anwani ambayo kifaa hutumia kujirejea chenyewe, ilhali kivinjari cha kompyuta hiyohiyo kinaifungua seva bila shida. Emuleta ni kama simu kamili yenye mtandao wake, kwa hiyo anwani hiyo huirejea emuleta yenyewe wala haifiki kwenye kompyuta; badala yake tumia 10.0.2.2, iliyotengwa mahususi kwa kuifikia kompyuta kutoka kwenye emuleta. Kwa simu halisi, weka anwani ya kompyuta katika Wi-Fi ileile, na seva isikilize 0.0.0.0, yaani ipokee maombi kupitia anwani zote za kompyuta, si 127.0.0.1 pekee. Tena, programu zinazolenga Android 9 na kuendelea huzuiwa kutumia http tupu (isiyosimbwa kama https); iruhusu katika manifesti, faili la mipangilio ya programu, wakati wa majaribio tu, maana wengi huisahau ruhusa hiyo humo hadi programu inapotolewa kwa watumiaji.