Bisibisi ya kuchaji ya kufungulia gemu: achana na spidi, angalia gia, klachi na biti

Mkuu umeuliza bisibisi gani ya umeme itadumu kwa fundi anayefungua PS4, PS5, Xbox na Switch kila siku, na umesema mbili zishakufia mkononi. Mimi huu mwaka wa saba niko kwenye hii kazi, na nilianza kama wewe, nikanunua ile inayozunguka kwa kasi kuliko zote nikijua ndo kali.

Kinachokufa kwanza mara nyingi sio mota, ni gia. Ndani ya zile ndogo za umbo la kalamu kuna vigia vidogo vinavyopunguza kasi ya mota ili biti (ile ncha inayoingia kwenye skrubu) ipate nguvu, sasa vikiwa vya plastiki afu ukakutana na skrubu iliyogoma ukaendelea kubonyeza tu, meno yanakatika. Utasikia mota inalia vizuri kabisa lakini biti imesimama. Ya kwangu niliifungua nikakuta meno yamesagika yote upande mmoja, yamebaki kama unga kwenye grisi. Kwa hiyo tafuta yenye gia za chuma, na iwe inajifunga mota ikizima ili uweze kuizungusha kwa mkono. Hizi za kalamu nyingi mota yake inatoa nguvu ya kuzungusha kama Nm (newton-mita) 0.2 hivi, ila kwa mkono zinavumilia hata Nm 3, hizo namba mbili zisome kabla hujalipa. Skrubu unailegeza kwa mkono kwanza, ikishaachia ndo unaipa umeme. Hapo tu umeshaiongezea maisha.

Klachi nayo, ile inayokata nguvu ya mota skrubu ikikaza, usinunue bila. Pedi nyingi (zile za kushika mkononi unapocheza) na makava ya hizi mashine skrubu zinaingia moja kwa moja kwenye plastiki, hamna chuma ndani. Niliwahi kufunga pedi ya mteja kwa mota mpaka mwisho, nikasikia tak! nguzo imepasuka na skrubu inazunguka bure, niliumia sana maana kilichomleta ni analogi tu, kile kijiti cha kidole gumba. Siku hizi naweka skrubu, naizungusha kinyume taratibu mpaka nisikie imedondoka kwenye uzi wake wa zamani, mota inaishusha kwenye nguvu ya chini kabisa, mzunguko wa mwisho namalizia kwa vidole. Hii ifanye kila mara hata ukiwa na haraka.

Biti sasa. Mashine nzuri yenye biti laini ni bure. Chukua za chuma cha S2, zenye shina la pembe sita la milimita 4, maana zikiisha unapata nyingine kirahisi, ukikuta kampuni imeweka shina la kwake peke yake iache. Hakikisha una T8, ile ya nyota yenye kitundu katikati, hiyo ndo ya PS4, PS5 na pedi za Xbox (pedi za Xbox One kuna skrubu moja imejificha chini ya stika sehemu ya betri, usije ukalazimisha kava). Switch inataka Y00 ya mabawa matatu kwa nje na msalaba mdogo kwa nje na ndani. Zile za msalaba za ndani ni laini mno, biti ikiwa ndogo kidogo tu kuliko kichwa inapanda juu na kukila, so jaribu kwa mkono uone imekaa bila kucheza. Na ukiwa unanunua iwashe utazame ncha ya biti, ikichora duara badala ya kutulia sehemu moja hiyo shafti yake imelegea tangu kiwandani.

Betri sina mengi, ichaji kwa USB-C na usiiweke miezi imeisha kabisa, lithiamu ikikaa tupu inakufa. Kama kazi ni nyingi chukua yenye betri ya kubadilisha.

Ila hizo mbili zako usizitupe kwanza, zifungue. Mota ikilia na biti haizunguki ujue ni gia, kama imekaa kimya kabisa pima betri, mimi moja niliifufua kwa kubadilisha betri tu na mpaka leo nafungulia pedi.