“Naomba” yako isikutie aibu

Mdogo wangu wa Tanga, umeuliza kama watu wa Nairobi wanakuchukia, maana wenzako chuoni hucheka ukisema “naomba” na shikamoo yako haijibiwi. Hawakuchukii. Hapa mtu husema “nipe chai” bila kukusudia ujeuri. Mimi nilinuna muhula mzima kabla ya kulielewa hilo. Usiiache “naomba”. Mama wa kibanda akiizoea atakuongezea maharagwe (mimi aliniongezea). Sheng utaiokota kwenye matatu, usiikimbilie. Baridi ya Julai ndiyo shida ya kweli: mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, nawe ni mtu wa pwani. Jumamosi nenda soko la Toi ukachague koti la mtumba. Bei ya kwanza usiikubali.