Kwa nini mizunguko ya mwanzo ndiyo huungua

Ndugu, umeuliza kwa nini radi iliunguza mizunguko ya mwanzo tu ya koili ya transfoma ya msongo mkubwa. Hesabu ya uwiano uliyotumia, inayogawa volti sawasawa kwa kila mzunguko wa waya, ni ya umeme wa kawaida wa hezi 50. Wimbi la radi hupanda ndani ya mikrosekunde chache, na kwa kasi hiyo induktansi ya koili (tabia yake ya kupinga mkondo unaobadilika ghafla) ni kama mlango uliofungwa. Mkondo hupenya kwenye kapasitansi ndogondogo (uwezo wa sehemu mbili zilizotenganishwa kuhifadhi chaji na kupitisha mkondo unaobadilika haraka): kati ya mzunguko na mwenzake, na kati ya koili na tangi lililounganishwa na ardhi. Hiyo ya kwenda ardhini ndiyo mbaya, maana huunyonya mkondo njiani, hivyo volti nyingi huangukia mizunguko michache ya kwanza. Kisha huja mitetemo ya resonansi humo ndani, yaani volti hupanda na kushuka kwa masafa ya asili ya koili yenyewe. Ndiyo sababu baadhi ya koili husukwa kwa kupishanisha mizunguko: kapasitansi ya mfululizo, ile ya kati ya mzunguko na mwenzake, huongezeka, volti ikagawanyika vizuri zaidi.