Makopo saba dirishani na kuku waliogoma kukua

Kundi langu la tatu la kuku wa nyama lilipewa vitu saba juu ya chakula chake cha kila siku. Nilivihesabu siku ya kufagia banda, makopo na pakiti zimejipanga dirishani utadhani duka la dawa: multivitamini, vitamini C, siki, unga wa bakteria wazuri, kitunguu saumu cha kusaga, kifunga sumu, na chupa moja ambayo ilijieleza kwa maneno mawili tu, "inakuza haraka". Siku ya 35 nilipowapima, walikuwa wepesi kuliko kundi la pili, ambalo halikuonja kitu zaidi ya chakula na maji.

Nilitaka kumlaumu aliyeniuzia vifaranga. Kabla sijampigia nikafungua daftari la banda, na nashukuru nilifanya hivyo, maana aibu ilikuwa yangu.

Siku ya 17 nilikuwa nimeandika "kinyesi kina damu". Nikaanza kuwapa amproliamu, dawa ya kuhara damu, kwenye maji, na kwa vile mgonjwa anahitaji nguvu, nikaongeza multivitamini maradufu. Sasa sikiliza nilichokuwa nafanya. Amproliamu inafanana sana na vitamini B1. Vijidudu vya kuhara damu huichukua wakidhani ndiyo B1, wanakosa ile halisi, wanadhoofika. Mimi nilikuwa nawapelekea ile halisi kwa kijiko. Dawa ikavuta miguu, utumbo wa kuku ukaendelea kuchubuka, na utumbo uliochubuka haufyonzi chakula hata kiwe kizuri vipi. Siku hizi vitamini zinasubiri mpaka dozi ya amproliamu iishe, ndipo naziingiza.

Siku ya 24 nayo ina kituko chake. Joto lilikuwa kali, nimesikia soda ya kuokea mikate inasaidia kuku wanaotweta, nikaitia kwenye pipa lilelile lenye siki. Pipa likatoa povu, nikafurahi nikidhani dawa inafanya kazi. Kumbe asidi na soda zilikuwa zinamalizana mle pipani, na kuku wakanywa maji ambayo hayakuwa na faida ya hiki wala ya kile.

Tangu hapo kila pakiti naiuliza swali moja kabla sijaifungua: inaondoa kizuizi gani? Kiungo cha nyongeza hakimkuzi kuku. Ukuaji wa haraka upo tayari ndani ya mbegu yake, kazi ya vizazi vingi vya kuchagua wazazi wakubwa. Ndiyo maana huwa nacheka nikisikia kwamba kuku hawa wanapewa homoni. Homoni za ukuaji ni protini. Ukiziweka kwenye chakula zitasagwa tumboni kama maharage ya soya yanavyosagwa. Kilichobaki kwetu wafugaji ni kutafuta kinachomzuia kuku kufika pale mbegu inapomruhusu.

Mara nyingi kizuizi hakiko kwenye pakiti yoyote. Kifaranga wa gramu 42 anatakiwa afike gramu 180 hivi siku ya saba. Akikosa hapo, kukimbizana naye baadaye ni kazi ngumu. Saa 24 baada ya kuwapokea, pita ukiwagusa gole, ule mfuko wa chakula shingoni: karibu wote wawe wamejaa, na pawe laini. Gole tupu maana yake baridi, au vyombo viko mbali, au maji yamechelewa. Siku ya kwanza pale vifaranga wanapolala panahitaji nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi. Hakuna vitamini inayoziba pengo la jiko lililozimika usiku wa manane.

Ukisharidhika na banda, ndipo uangalie chakula, na hapa kuna viongezo ninavyovitetea bila haya. Chakula cha mahindi na soya hupungukiwa kwanza methionini, kisha lisini, ambazo ni vijenzi vya protini. Kuku akikosa methionini, protini yote iliyozidi mwilini haina kazi. Anaivunja na kuitupa kwenye kinyesi, maranda yanalowa, hewa inawasha macho. Gramu chache za methionini kwa kilo ya chakula zinafanya kazi kuliko lile kopo langu la ukuaji wa haraka. Kimeng'enya cha fitasi nacho nakiheshimu, kwa sababu kama theluthi mbili ya fosforasi iliyomo kwenye nafaka na soya imefungwa mahali ambapo kuku peke yake haifikii. Fitasi huifungua, mifupa ikaimarika. Lakini kama unanunua chakula kilichotengenezwa kiwandani, vitu hivi kwa kawaida vimo tayari. Soma lebo kwanza, usije ukanunua mara mbili.

Kifunga sumu, yaani ule udongo maalumu kama bentonaiti, ni kizuri kwa aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Kwa sumu za fangasi wengine uwezo wake ni mdogo, na mahindi yenye ukungu yanabaki kuwa mahindi yenye ukungu. Bakteria wazuri ni viumbe hai: ukiwatia kwenye maji yenye klorini au pamoja na antibayotiki, umewaua. Na antibayotiki za dozi ndogo kila siku kwa ajili ya kukuza sizigusi. Sweden ilipiga marufuku mwaka 1986, Umoja wa Ulaya mzima ukafunga mlango Januari 1, 2006, kwa sababu vijidudu vinavyozoea dawa bandani havibaki bandani.

Joto ndilo lililonifundisha zaidi.

Kuku hana tezi za jasho. Akizidiwa anatweta, na kila anapotweta anatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko kawaida, damu inaegemea upande wa alkali. Wakati huohuo anapoteza potasiamu, na anaacha kula kwa sababu kusaga chakula kwenyewe kunazalisha joto. Ukiyajua haya, utaona kwa nini elektrolaiti zinasaidia: zinarudisha chumvichumvi alizopoteza na kumfanya anywe zaidi. Soda ya kuokea, yaani bikaboneti ya sodiamu, naiweka gramu 1 kwa lita kwa zile saa za joto tu, kwenye pipa lisilo na siki. Usiichanganye na soda kali ya kutengenezea sabuni, hiyo inaunguza. Na kama chakula chako kina chumvi ya kutosha, punguza mkono. Sodiamu ikizidi kuku hunywa kupita kiasi, maranda yanakuwa tope, na wengine hujaa maji tumboni.

Vitamini C kuku hujitengenezea mwenyewe kwenye figo. Siku za kawaida haihitaji msaada wako. Joto likikaza, kile anachotengeneza hakitoshi, ndipo miligramu 200 hadi 250 kwa kilo ya chakula zinapokuwa na maana. Ukipendelea kuitia kwenye maji, tia kiasi kitakachoisha ndani ya saa chache, kwa sababu huharibika upesi, na klorini huiharibu upesi zaidi. Betaini nayo husaidia seli zisikaukiwe; nimeitumia misimu miwili ya joto na nimeipenda.

Hata hivyo, kilichopunguza vifo bandani kwangu hakikutoka kwenye pakiti. Ninaondoa chakula asubuhi, muda wa saa nne au tano hivi kabla joto halijafika kileleni, ili kuku asiwe anasaga chakula wakati jua liko utosini. Nakirudisha jioni pakipoa na kuwaachia taa wale usiku. Pipa la maji nimelifunika na kuliweka kivulini, na bomba nalimwaga kila maji yakishapata moto, maana kuku hapendi maji ya vuguvugu na ndiyo siku anayohitaji kunywa zaidi.

Kwenye kuchanganya watu wengi tunakosea. Pakiti inasema kilo 2.5 kwa tani; kwa mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 125. Ukizimwaga juu ya mfuko na kukoroga kwa koleo, kuku mmoja atakula za kuku kumi, na wenzake tisa hawatapata. Changanya gramu 125 na kilo moja ya unga, hiyo kilo na nyingine tano, kisha na mfuko wote. Na kama kiongezo kina dawa, hesabu siku za kusubiri kabla ya kuchinja kuanzia siku kilipokwisha kwenye kilishio, si siku ulipoacha kukimwaga.

Kitunguu saumu nilikipa nafasi ya haki. Niligawa banda kwa wavu, upande mmoja wapate, mwingine wakose, chakula kilekile, nikapima kuku thelathini kila upande siku ya 35. Upande wa kitunguu ulizidi kwa gramu 20 kwa wastani, na mzani wangu wenyewe unayumba kwa gramu 50. Vilivyobaki nikavirudisha jikoni, ambako mke wangu alikuwa ameshavilalamikia wiki tatu.